Kumwachia Sangara Si Kumtupa Tu Majini

Wiki hii nimeulizwa tena. Kundi la marafiki kutoka Dar, wapenzi wa kuvua kwa ndoana, wanataka niwapeleke upande wa Rubondo, kisiwa cha hifadhi ya taifa ndani ya Ziwa Victoria. Mpangaji wao akaniandikia kwa moyo mweupe kabisa: "Kaka, sisi hatuui samaki. Tunavua, kila mtu anapiga picha yake, tunamwachia. Hakuna anayeumia."

Maneno hayo nimeyasikia kwa wageni na kwa wenyeji wa hapa Mwanza, kwa wenye fimbo za gharama na kwa wenye mshipi uliozungushiwa kopo. Huwa nayajibu kwa ufupi kwenye simu, halafu tukifika majini nalazimika kuyajibu upya, safari hii sangara akiwa anafia mikononi mwetu. Kwa hiyo leo nayaandika yote, na kundi lolote litakalonipigia nitalitumia ukurasa huu kwanza.

Watu wanadhani uamuzi wa kumwachia samaki hufanyika akishafika ubavuni mwa boti. Akishafika pale, sehemu kubwa ya uamuzi imeshapita. Ulipita mlipochagua kina, ndoana na unene wa mshipi, na hata mlipokubaliana mpande watu wangapi.

Tuanze na kina, maana ndipo wengi wanapoharibu. Mtu yeyote aliyekaa mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, analijua bondo kama fedha: linatolewa, linakaushwa, linauzwa kwenda China, na kwa kilo bei yake huipita mbali ya minofu. Sangara analihitaji kwa kazi nyingine. Ni mfuko wa hewa unaomwezesha kutulia kwenye kina anachotaka bila kuzama wala kuelea. Na mfuko huo, kwa sangara, hauna mrija wa kutolea hewa kooni. Hewa huingia na kutoka kupitia damu, polepole, kwa saa nyingi. Wewe unamvuta kutoka mita 30 hadi juu kwa dakika chache. Hiyo hewa itoke wapi?

Haitoki. Inatanuka. Kila mita 10 za maji zina mgandamizo unaokaribiana na ule wa hewa yote iliyo juu yetu, na kwa kuwa ziwa hili liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kidogo kuliko ya pwani, kwa hiyo tofauti inakuwa kubwa zaidi. Samaki aliyetoka mita 10 tu, hewa ya bondo lake inataka nafasi mara mbili na zaidi kidogo. Aliyetoka mita 30, zaidi ya mara nne. Ndani ya tumbo lilelile. Kinachofuata mmekiona wote: tumbo gumu, macho yametoka, samaki anaelea ubavu juu kila unapomsukuma chini. Yule hajachoka, kama mnavyopenda kusema. Amepasuka ndani, au amebanwa viungo vyote na hewa yake mwenyewe.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu jambo hili linanikera kuliko yote. Ule mfuko wa rangi ya waridi unaotokeza mdomoni mwa sangara aliyetoka kwenye kina siyo bondo! Ni tumbo lake la chakula, limesukumwa nje na bondo lililovimba nyuma yake. Nimeshuhudia watu wazima, wenye uzoefu, wanaotoa mafunzo kwa wenzao, wakichukua kisu na kulitoboa "ili hewa itoke". Mmetoboa tumbo la chakula. Bondo bado limejaa, na sasa samaki ana jeraha juu yake. Kisha anasukumwa majini, anapiga mkia mara mbili kwa sababu bado ana misuli, na boti nzima inapiga makofi.

Nadhani imani yenyewe imeanzia kwa kambare. Sisi tuliokulia kando ya ziwa tumemwona kambare akikaa kwenye ndoo tangu asubuhi na jioni bado anapapatika. Kamongo ndiye usiseme, yule ana mapafu, ziwa likipungua anajichimbia kwenye tope na kusubiri mvua. Mtu akikua na picha hiyo kichwani, anaamini samaki ni kiumbe kigumu. Sangara hana ugumu huo. Kwa mahitaji ya hewa ndani ya maji yeye ni miongoni mwa walio dhaifu kabisa tulionao. Maji yetu ni ya vuguvugu mwaka mzima, na maji ya vuguvugu hubeba oksijeni kidogo. Ukipigana naye kwa muda mrefu kwa mshipi mwembamba ili ufurahie mchezo, unamleta juu akiwa amekwisha, misuli imejaa asidi, halafu unamtoa nje ya maji wakati uleule anapohitaji kupumua kuliko wakati mwingine wowote. Mshipi mwembamba siyo ustadi. Tumieni mshipi mzito, mvuteni kwa nguvu, amalize mapema.

Ndoana nitaipita haraka: moja, siyo zile tatu zilizofungwa pamoja, na kile kijino cha kuzuia isichomoke kibanwe kwa koleo. Mkivua kwa chambo hai, chagueni iliyopinda duara, hunasa pembeni mwa mdomo badala ya kuzama kooni. Ndoana iliyomezwa msiivute. Kateni mshipi.

Sasa picha. Ukivua peke yako, samaki anapigwa picha moja. Mkiwa marafiki watano mlioshiriki gharama ya boti na mafuta, kila mmoja anaona samaki ni wake pia, na kwa haki, maana mmoja alishika usukani, mwingine alimwona kwanza, mwingine alitoa chambo. Kwa hiyo anazungushwa. Huyu anamshika, yule anasema jua liko vibaya tugeuke, wa tatu simu imejaa. Samaki ananing'inizwa kwa taya, kichwa juu, uzito wote ukiangukia kwenye taya na uti wa mgongo ambao maisha yote ulibebwa na maji. Halafu analazwa kwenye sakafu ya boti iliyochomwa na jua, ute wake unabaki kwenye mbao. Mapenzi ya safari za pamoja ninayo, ndiyo kazi na furaha yangu, na sioni raha ya kuvua mahali kama Rubondo bila mwenzako wa kupiga naye kelele mshipi unapokaza. Lakini kundi ni hatari kwa samaki kuliko mtu mmoja, na kundi lisilokubali hilo sitaki kulipeleka.

Kwenye boti yangu mpiga picha ni mmoja, anateuliwa kabla hatujang'oa nanga. Samaki anabaki majini kwenye wavu wa mkono wenye nyuzi za mpira, ndoana inatolewa humohumo. Akiinuliwa, anainuliwa mara moja, amelala, mikono miwili, mmoja chini ya tumbo, na waliobaki wanasogea nyuma yake waingie kwenye picha hiyohiyo. Mikono iwe imelowa. Na kwenye maji ya Rubondo hakuna kuchezesha mikono majini bila mtu wa kuangalia pande zote. Mamba wapo, na samaki anayepapatika anawaita.

Hali ya hewa, maboya ya kujiokolea, kichocho kwenye fukwe zenye majani, haya mnayajua au mtayakuta kwa nahodha. Niseme moja tu: radi na dhoruba za ziwa hili hupenda usiku na alfajiri, kwa hiyo anayewashawishi mtoke saa tisa usiku kwenda maji makuu "kuwahi wakubwa" msimsikilize.

Na hao wakubwa hawajajificha kwenye kina chote kama mnavyoambiwa. Ziwa hili lenyewe lina kina kisichozidi sana mita 80, wastani ni kama mita 40. Miezi ya Juni hadi Agosti upepo huyachanganya maji, hewa ikafika chini. Kuanzia kama Oktoba mpaka masika yanapoisha maji hujipanga kwa tabaka, ya moto juu, ya baridi chini, na tabaka la chini huishiwa oksijeni. Sangara hawezi kukaa huko. Wakati huo kumtafuta mita 60 ni kuchoma mafuta. Mkiburuta chambo bandia nyuma ya boti, pembeni mwa miamba, kwenye mita tano au nane, mtampata, na mtampata akiwa na bondo linaloweza kuvumilia safari ya kuja juu. Kama nia ni kumwachia kweli, hivi ndivyo inavyofanyika: mnavua palipo na maji mafupi.

Aliyetoka kwenye kina akashindwa kuzama, mimi humshusha kwa uzito: jiwe zito kwenye mshipi, ndoana isiyo na kijino imegeuzwa juu chini na kushikizwa mdomoni, anashuka taratibu, bondo linarudi ukubwa wake, unavuta, anachomoka. Nimewaona wengi wakiondoka kwa nguvu. Wapo mafundi wanaopendelea sindano ubavuni, nyuma ya pezi la kifuani, na wanaojua kuilenga hufanikiwa, lakini mikononi mwa mgeni ni kisu kingine tu. Hata njia yangu ina mashaka ambayo hayaishi kichwani. Miezi ile maji yamejipanga, nikimshusha sana naweza kumpeleka kwenye tabaka lisilo na hewa, kwa hiyo namshusha nusu tu ya kina alikotoka. Na samaki anayezama kwa nguvu bado si samaki aliyepona. Anaweza kufa usiku, chini, pasipo na mtu wa kumwona, na hesabu yetu ikasema tumemwachia.

Wapo watakaouliza kwa nini tujisumbue kwa samaki aliyeletwa. Swali la haki. Sangara alipandikizwa hapa kati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na kufikia miaka ya 1980 furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili ambao aina zake zilikadiriwa kufikia 500, walikuwa wameporomoka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walioanza kazi kwenye Ghuba ya Mwanza miaka ya 1970 waliona nyavu zao zikibadilika mbele ya macho yao. Siwezi kumfanya sangara mtakatifu. Ila leo mialo yote inamtegemea, biashara ya kayabo, yaani sangara wa kukaushwa kwa chumvi, na viwanda vya minofu vinamtegemea, na wale wakubwa mnaowatafuta kwa ajili ya picha karibu wote ni majike, yenye mayai kwa mamilioni. Huyo ndiye wa kurudisha akiwa mzima.

Ndiyo maana kundi la Dar nimelijibu hivi. Ndani ya hifadhi tutafuata kibali na maelekezo ya askari wa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hakuna mjadala. Nje ya hifadhi, jioni kabla ya safari mtakaa pamoja na kuamua: mnavua ili mle, au mnavua ili mwachie. Mkichagua kula, samaki wawili watatu wa kutosha wote, waliozidi sentimita 50 maana chini ya hapo sheria inakataza, na mnafunga fimbo. Nahodha na vijana wake wanapata sehemu yao. Mkichagua kuachia, hatutavua kwenye kina hata kama siku nzima hatujashika kitu. Na sangara atakayeumia hata hivyo, damu ikimtoka kwenye matamvua, hatarudishwa majini ili nyinyi mlale vizuri. Anauawa palepale kwa pigo moja kichwani, anapelekwa jikoni, na anahesabiwa kuwa tumemuua.

Wameniomba siku mbili wajadiliane. Nasubiri.