Uyoga wa Mnarani Haupelelezi Mtu

Barazani Mkunguni, hapa Lamu, utasikia kwamba kile kidude cheupe mfano wa uyoga kwenye mnara wa simu huwapeleleza watu kwa setilaiti. Sivyo. Ni antena ya GPS: hupokea tu, haitumi chochote. Inachotafuta angani ni saa sahihi inayotangazwa na setilaiti za GPS.

Katika mitandao ya 5G inayotuma na kupokea kwa zamu kwenye masafa yaleyale, saa za minara jirani hazitakiwi kupishana zaidi ya sehemu 3 za milioni ya sekunde. Zikipishana, mnara mmoja hunena mwenzake akisikiliza, na mawasiliano yako huharibika.

Saa hiyo hupita hata kwenye kebo ya Etheneti (waya wa mtandao wa kompyuta), kwa itifaki ya PTP, yaani kanuni za kulinganisha saa za vifaa: vifaa hupelekeana vifurushi vyenye muhuri wa wakati, kisha hukokotoa muda wa njiani.