Utamaduni si ustaarabu

Kwenye kikao cha wazazi hivi karibuni, baba mmoja alisimama akasema watoto wetu wa mjini "hawana utamaduni". Akapigiwa makofi. Kauli hiyo nimeshaisikia harusini, redioni, hata msibani, na kila mara hunikera, maana hajazaliwa binadamu aliyekua kati ya watu akakosa utamaduni.

Utamaduni ni yote ambayo mtu hujifunza kwa kuishi na wenzake: lugha, imani, sheria, ufundi, namna ya kula, ya kuposa, ya kuzika, ya kutaniana. Edward Tylor, mmoja wa waasisi wa anthropolojia, yaani elimu ya binadamu na jamii zake, aliueleza karibu hivyo mwaka 1871. Rangi ya macho yako umezaliwa nayo. Kujua nani umwamkie shikamoo umefundishwa. Hilo la pili ndilo utamaduni.

Vurugu inaanzia kwenye neno lenyewe. Utamaduni tumeutoa katika Kiarabu, tamaddun, lenye shina moja na madina, yaani mji. Huko kwao ni hali ya kuishi kimji, kuendelea. Mwarabu wa leo akitaka kutaja hiki tunachokiita utamaduni husema thaqafa. Sisi tulilichukua neno la mji tukalipa kazi pana zaidi, ya mji na shamba, bara na visiwani, na tulifanya vizuri. Lakini harufu ya mji haijalitoka, ndiyo maana mtu hulitumia kama cheo ambacho wengine wanacho na wengine hawana.

Neno la cheo tunalo tayari: ustaarabu. Hilo asili yake ni kujifanya Mwarabu, kufuata mwenendo wa Waarabu. Kabla yake watu wa pwani walijisifu kwa uungwana, sifa ya mwenyeji wa mji wa mawe, mwenye nasaba na adabu. Wanahistoria wa pwani wanaonyesha kwamba ni katika karne ya 19, enzi ya masultani wa Zanzibar, ustaarabu ulipoanza kuusukuma uungwana pembeni. Kipimo kikahama pamoja na mamlaka. Na upande wa pili wa kipimo, wakati wote huo, aliwekwa mtu wa bara, akaitwa mshenzi. Kwa hiyo kila tunapoweka utamaduni mahali pa ustaarabu, tunauingiza ule mzani wa zamani bila kujua.

Tylor naye hakuwa salama hapa. Aliuchanganya utamaduni na ustaarabu katika fasili yake, akaziona jamii zote zikipanda ngazi moja. Aliyeivunja ngazi hiyo zaidi ya wengine ni mwanaanthropolojia Franz Boas, ambaye mwaka 1883 na 1884 alikaa na Wainuiti, wenyeji wa kisiwa cha Baffin, kaskazini mwa Kanada. Kutoka kwake na wanafunzi wake tumezoea kusema tamaduni, kwa wingi.

Kosa la pili ni dogo, ila limeenea. Ukisikia "kikundi cha utamaduni" unajua ni ngoma, na "siku ya utamaduni" shuleni ni siku ya kuvaa kaniki na kupika kande. Ngoma ni utamaduni, naam. Lakini namna mama wa sokoni anavyojua nani amkopeshe na nani asimkopeshe ni utamaduni vilevile, na hiyo haichezwi jukwaani. Ndiyo sababu ethnografia, yaani kuchunguza na kueleza maisha ya watu kwa kuishi nao, haifanywi kwa dodoso la siku mbili. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alipiga hema katikati ya kijiji huko visiwa vya Trobriand, karibu na Guinea Mpya, akajifunza Kikilivila, lugha ya wenyeji, akakaa jumla ya miaka kama miwili. Mtu akiulizwa hukueleza inavyopasa kuwa. Ukiishi naye unaona inavyokuwa.

Yule baba nadhani nilimwelewa. Watoto wale wana misimu yao ya lugha, michezo yao ya uwanjani, heshima zao kwa kaka wakubwa wa mtaa, na yote wamefundishana. Alichokikosa kwao ni desturi alizokulia yeye: kuamkia kwanza, kupokea kwa mikono miwili, kumpisha mkubwa kiti. Angesema tu, "Watoto wetu hatujawafundisha desturi zetu."