Ukifunga laptopu usiku, faili linaendelea kushuka?

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anayenunua bando la usiku anataka aamke akute faili la GB 5 limekamilika. Likikutwa limeishia katikati, lawama zote huenda kwa mtandao. Tunashauri uanze na mipangilio ya umeme ya kompyuta yenyewe.

Dhana: Skrini ikizimika, upakuaji umekatika.
Si kweli. Prosesa, RAM (kumbukumbu ya muda) na kadi ya Wi-Fi zinaendelea na kazi. Weka skrini ijizime baada ya dakika 2, utaokoa chaji bila kupoteza kitu.

Dhana: Kompyuta ikiwa Sleep (imelala), kazi inaendelea kimyakimya.
Hapa ndipo mafaili mengi hukwama. Kwenye Sleep ya kawaida RAM hubaki na umeme, prosesa husimama, kadi ya Wi-Fi huachana na ruta, na seva (kompyuta inayotoa faili) isipopata majibu hukata muunganisho. Baadhi ya laptopu mpya hubaki mtandaoni zikilala, lakini Windows huzisimamisha programu za kawaida, hivyo usizitegemee.

Chrome ikiwa inapakua huiomba kompyuta isilale. Ombi hilo haliuhusu mfuniko: ukiufunga, inalala. Kwenye Windows, ingia Control Panel, Power Options, kisha "Choose what closing the lid does", uchague "Do nothing". Badilisha safu zote mbili, "On battery" na "Plugged in", maana umeme ukikatika laptopu hufuata masharti ya betri. Ikishafungwa hivyo, iweke mezani. Godoro huziba matundu ya hewa.

Wanaotumia hotspot ya simu wana mtego wa pili. Kompyuta ikilala, simu nyingi za Android huona hakuna kifaa kilichounganishwa na kuzima hotspot baada ya dakika chache. Hata ukiiamsha kompyuta, haikuti mtandao.

Dhana: Battery saver husimamisha kila upakuaji.
Huahirisha baadhi ya kazi za nyuma, kama masasisho ya Windows. Faili la kwenye kivinjari linaendelea. Hibernate, inayohifadhi kazi zako kwenye diski, ndiyo huzima kila kitu.

Dhana: Likikatika, lazima uanze upya.
Inategemea seva. Ikikubali kutoa kipande cha faili, "Resume" huendelea pale ulipoishia. Kwa wget, programu ya kupakua kwa kuandika amri, tumia `wget -c` na kiungo kilekile, ndani ya folda yenye faili lililokatika. Kiungo kilichokwisha muda hakikubali: rudi kwenye ukurasa, uchukue kipya.