Kuongezewa muda wa kurekebisha makorongo si kusamehewa

Kila inaposemwa kwamba kampuni ya makaa ya mawe huko Kentucky au West Virginia imeongezewa muda wa kurekebisha mmomonyoko kwenye ardhi iliyokwisha kuchimbwa, kuna wanaoelewa kwamba imesamehewa, na kuna wengine, ambao kosa lao ni gumu zaidi kulinasua, wanaodhani kwamba kilichorefushwa ni kipindi cha dhamana, yaani muda ambao fedha zilizowekwa na kampuni kuhakikisha ardhi inarekebishwa huendelea kushikiliwa. Tafsiri zote mbili hazina msingi.

Nyongeza hiyo ni ruhusa ya kusogeza mbele tarehe ambayo mwenye kibali alipaswa awe ameondoa ukiukwaji uliotajwa katika notisi ya mkaguzi. Inatokana na sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1977 kuhusu uchimbaji wa wazi wa makaa ya mawe, ambayo kanuni zake zinataka makorongo yanayovuruga matumizi ya ardhi, yanayozuia uoto kushika au yanayochafua vijito yajazwe au yaimarishwe, udongo wa juu urudishwe, kisha mbegu zipandwe upya.

Sasa tuje kwenye kinachochanganywa. Katika ardhi hiyo zinakwenda hesabu mbili za muda, na kila moja ina mwanzo wake. Ya kwanza ni ya marekebisho: huanza notisi inapotolewa, na kwa kawaida haipaswi kuzidi siku 90. Ya pili ni ya uwajibikaji, ndiyo hicho kipindi cha dhamana, ambamo kampuni inawajibika kwa uoto iliourudisha: ni miaka mitano kamili mahali penye mvua inayozidi inchi 26 kwa mwaka, yaani takriban milimita 660, na miaka kumi mahali pakavu zaidi, ikihesabiwa tangu mwaka wa mwisho wa kupanda mbegu, kutia mbolea au kumwagilia kwa lengo la kusaidia uoto. Dhamana hairudishwi ikiwa kamili kabla ya kipindi hiki kwisha. Kurefushwa kwa hesabu ya kwanza ni nafuu kwa kampuni. Kurefuka kwa ya pili ni mzigo. Tena ya pili inaweza kuanza upya kwa sababu ya marekebisho yenyewe, kwa kuwa kujaza korongo na kulipanda upya huenda kukahesabiwa kuwa ni kazi ya kuongeza uoto, isipokuwa pale ambapo jimbo limeidhinishiwa kuichukulia kazi hiyo kuwa ni matunzo ya kawaida ya shamba. Kwa hiyo anayesema tu kwamba “muda umeongezwa” hajatueleza kama kampuni imepata au imepoteza.

Madai kwamba ni msamaha hayahitaji maneno mengi. Ukiukwaji unabaki kwenye kumbukumbu, na kampuni ndiyo inayobeba jukumu la kuthibitisha, kwa ushahidi ulio wazi na wa kushawishi, kwamba inastahili nyongeza. Uzembe au ucheleweshaji wa makusudi hauzawadiwi siku hata moja. Nyongeza yenyewe haizidi siku 90 kwa mara moja, ingawa inaweza kuombwa tena kama kizuizi bado kipo, na wakati wote huo mkaguzi anapaswa kuagiza hatua za muda za kupunguza madhara kwa kadiri zinavyohitajika.

Miongoni mwa sababu zinazokubalika, hali ya hewa ndiyo inayodharauliwa zaidi, labda kwa sababu husikika kama kisingizio. Lakini notisi iliyotolewa Novemba katika milima ya Appalachia hufikia siku ya 90 mwezi Februari, wakati udongo ama umeganda ama umelowa chapachapa. Tingatinga likipandishwa mteremkoni wakati huo hushindilia udongo na kukata njia mpya za maji, na mbegu zilizomwagwa hapo hazioti. Ndiyo maana kanuni inaruhusu kuvuka siku 90 iwapo, kutokana na hali ya hewa, kuharakisha kungeleta madhara makubwa kwa mazingira kuliko yale yanayozuiwa. Gharama kubwa ya kukodi mitambo haimo katika sababu hizo.

Anayetaka kulalamika kwamba nyongeza hutolewa kirahisi ana haki ya kuuliza, na pa kuanzia ni jalada la ukaguzi, kwa kuwa afisa anayekubali au kukataa ombi anatakiwa kuandika humo sababu zake. Ila naomba neno “msamaha” liachwe, na kila panapotajwa muda, isemwe kama ni ule wa marekebisho au ni ule wa uwajibikaji.