Nairobi hadi New York: Saa Nane Hazipo

Tangu Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanza kuruka kutoka Nairobi hadi New York bila kutua njiani, hakuna dhana niliyoisikia mezani pangu mara nyingi kama hii: kwamba muda wa safari hupatikana kwa kutoa saa ya kuondoka katika saa ya kufika. Tuchukue tiketi ya Julai inayoonyesha kuondoka 23:30 na kufika 07:30 kesho yake. Mteja huhesabu kwa vidole, akapata saa nane, na papo hapo akampigia ndugu yake simu kumweleza kwamba Marekani si mbali kama watu wanavyosema. Akiona tiketi ya kurudi, kuondoka 12:30 na kufika 09:30 siku inayofuata, hupata saa 21 na kunilalamikia kwamba nimemkatia ndege ya kuzungukazunguka.

Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mji husika. Nairobi iko saa tatu mbele ya saa ya Greenwich, ile ya rejea kwa dunia nzima, mwaka mzima, ilhali New York iko nyuma ya Greenwich kwa saa nne kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, na kwa saa tano miezi inayobaki. Zigeuze zote ziwe za Greenwich kabla ya kutoa: 23:30 ya Nairobi ni 20:30, na 07:30 ya New York ni 11:30, kwa hiyo kwenda ni saa 15. Kurudi, kuanzia 16:30 hadi 06:30, ni saa 14. Jumla ni 29, sawa kabisa na saa nane na 21 za mteja, kwa kuwa makosa yake mawili hufutana. Ndiyo maana wengine hubisha hadi mwisho. Mwenye dawa za kumeza kwa saa maalumu, au mtoto anayenyonya chupa, afanye hesabu hii kwa kalamu na karatasi kabla ya kufunga mizigo.

Wapo wanaodai kwamba tofauti ya kwenda na kurudi inatokana na dunia kuzunguka chini ya ndege. Hapana. Hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Sababu ni upepo mkali wa anga za juu, unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki juu ya Atlantiki ya Kaskazini, na ambao huzidi nguvu majira ya baridi.

Mwingine hugawa kilomita takriban 11,800 kwa mwendo wa 900 kwa saa, akapata saa 13, kisha akauliza saa mbili zimekwenda wapi. Muda wa tiketi huanzia ndege inapoondoka maegeshoni hadi inaposimama maegeshoni, na kilomita hizo ni za njia fupi kabisa, ambayo haifuatwi kila mara: vita vilipozuka Sudan Aprili 2023 na anga yake kufungwa, ndege zililazimika kuikwepa. Njia fupi yenyewe, kwa wale wanaoweka rula kwenye ramani ya ukutani, haipiti Nigeria na Mauritania. Hukata Chad na Sahara ya Algeria, hutokea Moroko, na juu ya bahari hufika latitudo ya 42 kaskazini, kupita hata New York, ndipo ianze kurudi kusini.