Kulishwa kwa mshipa ukiwa nyumbani: angalia sana mdomo wa mpira

Watu wengi wakisikia "dripu ya chakula" wanafikiria ile dripu ya maji, mgonjwa anatundikiwa siku mbili tatu apate nguvu halafu basi. Hii ni kitu kingine kabisa jamani, mgonjwa anapewa chakula chenyewe moja kwa moja kwenye damu kupitia mpira wa mshipani. Mimi ni nesi wa lishe, kazi yangu kila siku ni kufundisha wagonjwa na ndugu zao kufanya hii kitu wenyewe nyumbani, na leo naomba tukae kidogo tuelewane manake maswali ni mengi na mengine yananiogopesha.

Anayehitaji ni yule ambaye utumbo wake umeshindwa kazi. Labda amefanyiwa operesheni ukakatwa, utumbo mwembamba uliobaki haufiki hata sentimita 200, kwa hiyo anakula lakini chakula kinapita tu. Au saratani imeziba tumbo, kila anachomeza kinarudi. Kama utumbo bado unafanya kazi, hata nusunusu, tunautumia huo, kwa mdomo au kwa mpira wa tumboni, hatukimbilii mshipa kwa sababu tu mgonjwa hana hamu ya kula.

Ndani ya mfuko mna sukari, mna protini iliyovunjwavunjwa mpaka ikawa amino asidi, mna mafuta (ndo maana unaonekana mweupe kama maziwa), chumvichumvi, vitamini na madini kidogo kidogo, yaani kazi yote ambayo tumbo lingeifanya imeshafanywa kabla. Sasa huo mchanganyiko umekolea, mara nyingi unaishinda damu zaidi ya mara tatu, ukiupitisha kwenye mshipa mdogo wa mkono unauchoma. Kwa hiyo mpira unaingizwa mpaka ncha yake ikae kwenye mshipa mkubwa karibu kabisa na moyo, pale damu ni nyingi na inakimbia, inauchanganya mara moja. Mwaka 1968 Stanley Dudrick na wenzake kule Philadelphia walionyesha kwamba watoto wa mbwa wanaweza kukua vizuri kwa kulishwa hivyo tu, na 1970 timu ya Belding Scribner kule Seattle ikaja na wazo la "utumbo bandia" wa kutumia nyumbani. Scribner alikuwa daktari wa figo, na watu wa figo walishazoea mgonjwa kujiunganisha na mashine ya kusafisha damu mwenyewe kwake, nadhani ndo maana hawakuogopa.

Sasa nije kwenye ninachotaka ukumbuke hata ukisahau mengine yote. Mpira ule ni njia iliyonyooka kutoka mkononi mwako mpaka kwenye moyo wa mgonjwa. Mdudu akiingia pale kwenye mdomo wa mpira, yaani ile ncha ya nje unapounganisha mfuko, hakuna ngozi wala tumbo la kumzuia, yuko ndani ya damu tayari. Kwa hiyo osha mikono kwa sabuni, ikauke, meza isafishwe, feni izimwe, watoto watoke kwanza, simu iache ilie. Halafu ule mdomo unausugua na kipamba cha spiriti sekunde 15, kusugua kabisa, siyo kupitisha tu, na unausubiri ukauke wenyewe bila kuupuliza. Kuna mzee mmoja alikuwa anamhudumia mkewe, alikuwa anahesabu kwa sauti moja mpaka kumi na tano halafu anashika tu pamba amenyamaza anautazama ule mdomo ukikauka, kila jioni hivyo hivyo, na mimi niliyemfundisha nilikuwa natamani manesi wangu wote wamwone.

Kabla ya kuunganisha angalia mfuko. Unatoka friji saa moja mbili kabla ili usiingie wa baridi. Ukiona mafuta yamejitenga, michirizi ya njano juu, au chengachenga, usiutumie, piga simu. Wengi wanaunganishwa usiku, kwa muda wa saa 10 hadi 14 hivi, pampu inafanya kazi wamelala na mchana wako huru. Pampu ikielekea mwisho inapunguza kasi taratibu, usiikatishe ghafla manake mwili umezoea sukari nyingi na unaweza kuishusha sana.

Na homa. Mtu mwenye mpira huu akipata homa au akaanza kutetemeka kwa baridi, hasa ndani ya lile saa la kwanza baada ya kuunganishwa, simamisha pampu, funga klipu, nenda hospitali usiku huohuo. Familia moja walimpa panadoli wakasema tuone asubuhi. Homa ilishuka kweli, wakalala wote, na asubuhi presha ilikuwa chini mno, alilazwa ICU siku nyingi. Alipona, ila mpaka leo naikumbuka ile simu. Ukifika sema mapema kabisa "ana mpira wa mshipa mkubwa", ili wachukue damu ya kuotesha (kuona kama ina wadudu) kutoka kwenye mpira na kutoka mkononi pia kabla ya dawa.

Mengine yanafuatiliwa kliniki: ini, mifupa, sukari, potasiamu na fosfeti hasa siku za mwanzo kwa mtu aliyekonda sana, ndo maana tunaanza kidogo kidogo hata kama familia inatamani anenepe haraka. Uzito ukipanda kilo mbili kwa siku mbili hayo ni maji, tuambieni.

Kwa mgonjwa wa saratani iliyosambaa mimi huuliza kabla hatujaanza, mgonjwa mwenyewe akiwepo: tutajuaje kwamba haimsaidii tena? Ni swali zito, najua, na kuna watu wamelia mbele yangu. Lakini mfuko unaomsaidia mtu kutembea mpaka mlangoni leo unaweza baadaye kumjaza maji miguuni na kifuani, akahema kwa shida, na ndugu wanaogopa kuusimamisha wakidhani wanamuua kwa njaa. Siku za mwisho njaa mara nyingi haipo. Kinachomsumbua ni mdomo mkavu, basi chukua pamba safi, ichovye kwenye maji, umlowanishe midomo na ulimi taratibu, na urudie kila anapotaka.