Seli shina nayo hubonyeza kabla ya kuamua

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, mnunuzi mzoefu hapotezi muda kumuuliza muuzaji kama sangara ni wa leo. Anambonyeza kwa dole gumba. Nyama ikirudi juu, anatoa pesa. Shimo likibaki, anasogea meza nyingine. Seli shina, yaani seli ambayo bado inaweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, ikiwekwa kwenye sahani ya maabara hufanya jambo la namna hiyo. Kwa hiyo dhana iliyozoeleka, kwamba kemikali peke yake ndiyo huiambia iwe nini, ni nusu ya habari.

Mwaka 2006 Adam Engler, Dennis Discher na wenzao huko Marekani walipanda seli shina za uboho wa binadamu juu ya jeli za ugumu tofauti, huku kimiminika cha lishe kikiwa kilekile. Kwenye jeli laini kama ubongo, isiyozidi kilopaskali 1 (kipimo cha ugumu), seli zilichomoza matawi kama ya neva. Kwenye kilopaskali 8 hadi 17, ugumu wa msuli, zikarefuka. Kwenye 25 hadi 40 zikaelekea mfupa. Hizo zilikuwa dalili za mwelekeo tu, si neva kamili wala mfupa kamili, na kemikali haijastaafishwa.

“Basi lazima mtu azitikise au azikandamize?” Wengi hudhani hivyo wakisikia kwamba nguvu nayo huongoza seli. Ni kweli, kuzinyoosha au kuzipitishia mkondo wa kimiminika pia huzibadilisha, lakini hapa seli inavuta yenyewe. Funga mtumbwi kwenye mwamba, uvute kamba: inakaza mpaka viganja vinauma. Ufunge kwenye kijiti kilichochomekwa topeni, kijiti kinakufuata. Ndani ya seli, kamba ni nyuzi za protini iitwayo aktini na mvutaji ni protini nyingine, mayosini. Sakafu, yaani jeli iliyo chini yake, ikigoma, mvutano unapanda, na protini iitwayo YAP inaingia kwenye kiini na kusaidia kuwasha jeni. Engler na wenzake walipoizuia mayosini kwa dawa, seli hazikutofautisha tena laini na ngumu.

Dhana inayoniudhi zaidi ni kwamba sahani ya plastiki haina upande, eti ni chombo tu. Plastiki hiyo ni ngumu kuliko msuli zaidi ya mara laki moja! Mwaka 2010 maabara ya Helen Blau, Stanford, ilionyesha kwamba seli shina za msuli wa panya zilizokuzwa kwenye jeli ya kilopaskali 12 ziliweza kujenga msuli upya zilipopandikizwa, wakati zile za kwenye plastiki zilikuwa zimepoteza sehemu kubwa ya uwezo huo. Mtu akinisimulia jaribio la seli shina siku hizi, namkatiza kwanza: zilikaa juu ya nini?

 

Na ukizihamisha kutoka kwenye plastiki kwenda kwenye jeli laini, si kwamba zinasahau papo hapo. Zilizokaa kwenye ugumu kwa muda mfupi hurudi kama zilivyokuwa. Zilizokaa mno huendelea kuiweka YAP kiinini hata sakafu ikiwa laini, kama viganja vya mvuta nyavu vinavyobaki na sugu miezi baada ya kuacha ziwa.